Mbwa wawili, bodingi mbili, na wote tuko shamba: nimpeleke nani wapi?

Msomaji ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Daktari, habari za kazi. Naishi shamba, mbali na mji, na baada ya wiki sita nasafiri kwa wiki tatu nzima. Nina mbwa wawili. Jike ana miaka 11, ana kifafa, anameza fenobabitali asubuhi na jioni. Dume ana miaka 2, hajahasiwa, ana nguvu kama trekta na radi ikipiga anatafuta pa kutorokea. Huku kuna bodingi mbili za mbwa. Ya kwanza iko dakika 20 kutoka kwangu, ni shamba la mama mmoja mfugaji, mbwa wanashinda wameachiwa, mwenyewe analala hapohapo, ila hana karatasi wala picha nzuri. Ya pili ni mwendo wa saa mbili kwa gari, vyumba vya simenti, kamera, ukurasa mzuri mtandaoni, ila wafanyakazi wanaondoka saa kumi na mbili jioni wanarudi asubuhi. Roho inanivuta kwenye ya pili kwa sababu ni safi. Nifanyeje?"

Dada, kwanza asante kwa kuuliza mapema, wengi hunitafuta mbwa keshapakiwa kwenye gari. Nikupe jibu kabisa halafu ndo nieleze: huyo jike usimpeleke kokote kati ya hizo mbili, mtafutie mtu wa kuja kulala nyumbani kwako. Dume anaweza kwenda kwa mama mfugaji, kwa masharti, na baada ya kulala pale usiku mmoja au miwili wewe ukiwa bado upo. Ile yenye kamera, kwa hali yako, mi ningeiacha.

Najua jibu hilo limekushangaza maana umeshawishika na usafi, na usafi ni kitu kizuri, sibishi. Lakini sisi watu wa shamba tuna tatizo ambalo mtu wa mjini hana. Mjini ukikosea bodingi, kliniki iko mtaa wa pili, usafiri upo usiku kucha, kuna daktari wa zamu. Shamba hamna hayo, kwa hiyo cha kupima kabla ya kitu kingine chochote ni muda unaopita tangu mbwa aanze kuumwa mpaka sindano imguse. Huo muda huliwa na mtu kuchelewa kuona, halafu na mtu kuchelewa kuamua ("tusubiri kwanza kupambazuke"), halafu ndo barabara. Barabara huwezi kuibadilisha. Hayo mawili ya mwanzo ndo unayoyachagua unapochagua bodingi, na hayaonekani kwenye picha.

Sasa mchukue jike wako umweke kwenye ile ya saa mbili. Mbwa wengi wenye kifafa hupatwa na degedege wakiwa wamepumzika au wamelala, yaani usiku au alfajiri, na hapo ndo hakuna mtu. Kamera itarekodi vizuri sana, ila kamera haibebi mbwa. Degedege likizidi dakika tano, au yakija zaidi ya moja ndani ya saa 24, hiyo ni dharura, joto la mwili linapanda, ubongo unaumia, na kila dakika ina hesabu yake. Mfanyakazi akifungua mlango saa mbili asubuhi atakachokuta ni bahati tu.

Halafu angalia na dawa. Fenobabitali inatakiwa kila baada ya saa 12, tuseme saa moja asubuhi na saa moja jioni. Watu wanaoondoka saa kumi na mbili watampa kidonge cha jioni saa kumi na moja wakiwa wanafunga funga, na cha asubuhi saa mbili wakishafika na kunywa chai, hapo pengo ni saa 15. Ikitokea siku moja hamna shida kubwa, dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Lakini wiki tatu mfululizo, ongeza na stresi ya mahali pageni na kelele za mbwa asiowajua na usingizi mbovu, we mwenyewe unaona unakoelekea. Kingine ambacho bodingi nyingi hazijui ni kwamba mbwa wa fenobabitali anakunywa maji sana, anakojoa sana na ana njaa muda wote. Akifungiwa tangu jioni mpaka asubuhi atakojoa alipolala, atalala kwenye mkojo, ngozi ya tumbo itaungua, na asubuhi ataonekana mchafu au mkaidi kumbe ni dawa.

Na kwa mama mfugaji ugeni wa mahali na kelele za mbwa asiowajua vipo vilevile, ndo maana nasema mtu aje nyumbani. Haihitaji awe mtaalamu, anahitaji awe mtu anayelala pale kweli kweli na asiyesahau. Mkalishe nawe siku mbili tatu kabla hujaondoka, ampe mbwa vidonge yeye mbele yako, sio wewe umwoneshe tu. Vidonge vihesabu, acha na akiba ya angalau wiki nzima zaidi, maana dawa hii huwa haiuzwi bila cheti na ikikatika ghafla inaweza kuleta degedege baya kuliko yale aliyokuwa nayo mwanzo. Mwandikie kwenye karatasi na ubandike jikoni: degedege likianza, usimtie mkono mdomoni (hawezi kumeza ulimi, hiyo ni hadithi), sogeza viti, zima taa na redio, angalia saa kwenye simu, likifika dakika tano piga namba ya daktari na anza kuelekea kwenye gari. Muulize daktari wako pia kama anaweza kukuachia dawa ya dharura ya kuingiza kwa nyuma, zipo, na kwa mtu aliye mbali na kliniki zinaokoa muda mwingi.

Haya, tuje kwa dume, maana huyu ndo kazi yenyewe.

Shamba la yule mama linanipendeza kwa jambo moja tu mpaka sasa: analala hapohapo. Mengine yote bado hujayaona. Nenda, na uende saa nane mchana jua likiwa limesimama, usiende asubuhi kwenye ubaridi ambapo kila banda linaonekana zuri. Ukifika omba kuona mbwa wanapolala. Bodingi inaweza kuwa na sababu nzuri ya kutokukaribisha bila miadi, kwa mfano wakati wa chakula mbwa wanachachamaa wakiona mgeni, hilo linaeleweka. Ila ukiwa na miadi na bado unaambiwa "ngoja hapa kibarazani nikuoneshe video," geuza gari.

Ukiingia simama kwanza katikati ya banda bila kuongea. Kama bati liko chini na hakuna dari wala upenyo wa hewa juu, utahisi joto linakushukia kichwani, na wewe unatoa jasho mwili mzima wakati mbwa anategemea zaidi kuhema. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 mpaka 39.2, akipita 41 tunazungumzia mbwa anayeweza kufa kwa joto, na wale wa pua fupi ndo hutangulia. Vuta pumzi. Harufu ya mbwa ni kawaida, harufu ya mkojo mkali inayochoma macho maana yake maji ya kuoshea hayatoki, na ukiangalia chini utakuta sakafu haina mteremko au mtaro unapita toka chumba cha huyu kwenda chumba cha yule, hiyo ni njia ya kugawana minyoo na kuhara kwa zamu.

Halafu chovya kidole kwenye bakuli la maji na upitishe ukutani mwa bakuli kwa ndani. Ukikuta utelezi, hilo bakuli linaongezewa maji tu, halioshwi. Hicho kidole kimoja huniambia mengi kuliko mazungumzo ya nusu saa. Mbwa wa kilo 25 anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku na zaidi kukiwa na joto, kwa hiyo uliza pia maji yanatoka wapi na pampu ikikata umeme kuna tangi la akiba la siku ngapi.

Kabla hujatoka, washa tochi ya simu na umulike nyufa za ukuta, hasa pale ukuta unapokutana na dari, na nyuma ya mbao za kulalia. Watu hutafuta kupe kwenye majani tu. Kupe wa kahawia wa mbwa anapenda sana ndani, jike akishashiba damu anadondoka, anapanda ukutani, anajichimbia kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Bodingi yenye nyufa zilizojaa vidoa vya kahawia inaweza kumpiga dawa kila mbwa anayeingia na bado isimalize tatizo, kwa sababu kiwanda kiko ukutani. Ukiona hivyo, muulize mama lini mara ya mwisho alipuliza kuta na kuziba nyufa. Akiwa anaelewa unachouliza, ni ishara nzuri. Akishangaa, basi dume wako aende na kinga ya kupe ya kiwango, ile ya kidonge au ya matone, iliyopewa kabla ya kwenda na ambayo inadumu wiki zote tatu.

Kwa nini nasisitiza kupe? Niliwahi kuletewa mbwa kutoka bodingi moja ya shamba, mwenyewe wa bodingi anasema "hajala siku tatu, tulidhani amenuna tu kwa kumkumbuka bosi wake." Nikainua mdomo wa juu, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi, na mkojo alioachia sakafuni ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Homa ya kupe iliyokuwa inakula chembe za damu siku zote hizo. Yule mlezi hakuwa mtu mbaya, alikuwa anawapenda mbwa, ila hakuwahi kufundishwa kuinua mdomo. Kwa hiyo ukifika kwa mama huyo mwombe tu kirafiki: "Mama, mbwa asipokula unaangalia nini?" Ukisikia fizi, joto, kinyesi, tumbo, umepata mtu. Ukisikia "huwa wanazoea," mfundishe kuinua mdomo wa dume wako akiwa mzima ili ajue rangi yake ya kawaida ikoje, kuna mbwa wana fizi nyeusi kiasili na hao unaangalia ndani ya kope ya chini.

Suala la kuachiwa sasa. Kwenye matangazo "wanakimbia huru" ni sifa kubwa, na mbwa kweli wanafurahia, ila mi huuliza nani anawaangalia wakiwa huru, na wanakula vipi na wanalala vipi. Mbwa wageni wanaweza kucheza pamoja asubuhi nzima bila neno, weka sufuria moja la chakula katikati utaona damu. Kila mmoja ale kwake mlango umefungwa, na usiku kila mmoja alale kwake, hapo sina mjadala. Dume ambaye hajahasiwa uliza kabisa kama kutakuwa na jike kwenye joto kipindi hicho. Joto la jike huchukua kama wiki tatu, yaani linaweza kumeza likizo yako yote, na dume wako akinusa hata kama wametenganishwa na wavu hatakula, hatalala, atakuwa anatafuta tundu. Na tafadhali usikimbilie kumhasi sasa hivi ukidhani itasaidia safari hii. Kidonda kinataka siku 10 mpaka 14 za utulivu, homoni zinachukua wiki kadhaa kupungua, na mazoea ya kurukia fensi hayaondoki na makende. Ni jambo la kufikiria ukirudi.

Uzio uangalie kwa macho ya mbwa wako, sio ya binadamu. Urefu wa mita 1.8 hutosha mbwa wengi, lakini tazama chini, kuna sehemu mvua imekula udongo na wavu unaning'inia? Kuna pipa au rundo la kuni limeegemea fensi, ngazi ya bure hiyo? Geti ni moja au ni mawili, kwamba unafunga la kwanza ndo unafungua la pili? Mbwa wengi wa bodingi hutorokea getini wakati mtu anaingiza ndoo. Na huyu wako wa radi ndo kabisa, siku ya mvua lazima awe ndani ya chumba chenye kuta, mlango wa kitasa cha kweli, redio ikiongea, asiachwe kwenye kizimba cha wavu akajikata meno na kucha akitafuta njia. Mwambie daktari wako mapema, kuna dawa za kupunguza hofu zinazotolewa kabla radi haijaanza, na ujaribu ukiwa nyumbani kwanza. Zile sindano za zamani za kulegeza mwili tu, mbwa analala chini huku moyo unadunda kwa woga, usikubali hizo kama jibu. Maikrochipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, awe nayo, na kola yenye namba ya simu mbili, yako na ya huyo mama, kwa sababu namba yako peke yake itakuwa haipatikani uko angani.

Kwa kuwa ni shamba la mifugo kuna maswali ambayo bodingi ya mjini hungeuliza. La kwanza, mbwa wako anajua mbuzi na kondoo na kuku? Kama hajawahi kukaa nao, mara ya kwanza awe kwenye kamba, na isiwe siku umeshaondoka. Mbwa mpole kabisa nyumbani anaweza kuona kondoo anakimbia akafyatuka, na nchi kadhaa sheria inamruhusu mfugaji kumpiga risasi mbwa anayefukuza mifugo yake. Jirani wa huyo mama hajui kama mbwa wako ni mgeni wa kulipia.

La pili, sumu. Omba uoneshwe stoo. Dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya kupuliza mimea, sumu ya panya, vyote viwe kwenye chumba kinachofungwa, na chambo za panya zisiwe mahali mbwa anafika. Dawa nyingi za wadudu zikimpata mbwa utaona ndani ya muda mfupi tu, mate yanamwagika, misuli inatetemeka, anaharisha. Sumu ya panya ya kawaida ile inayozuia damu kuganda ni mjanja zaidi, mbwa anaila leo, anacheza kesho, halafu baada ya siku mbili mpaka tano ndo anaanza kutoka damu, mara nyingi ndani kwa ndani, na hapo watu wanasema "lakini hajala kitu leo." Dawa yake ipo, ni vitamini K1, inafanya kazi vizuri sana ikiwahi. Kwa hiyo mlezi akiona chambo imetafunwa asisubiri dalili, apige simu muda huohuo na abaki na pakiti ya ile sumu ili daktari asome ni aina gani.

La tatu watu wanaliona la ajabu: wakichinja, matumbo na maini na mapafu yanaenda wapi? Ukiambiwa "tunawapa mbwa," mbichi, hapo weka kizuizi. Kuna tegu mdogo sana wa mbwa ambaye mzunguko wake unapitia vifuko vya maji kwenye maini na mapafu ya kondoo na mbuzi. Mbwa akila hivyo vifuko vibichi anapata tegu, haonekani kuumwa kabisa, lakini mayai yanatoka kwenye kinyesi na kubaki kwenye manyoya yake, na binadamu anayemshika bila kunawa ndo anaota vifuko hivyo kwenye ini lake mwenyewe miaka ya baadaye. Mwambie mama dume wako asipewe kitu kibichi cha mchinjo hata kama analia, na ukirudi apewe dawa ya tegu yenye prazikwanteli ndani, dawa za minyoo sio zote zinazo.

Nyoka nisikutishe sana. Majani yawe yamefyekwa kuzunguka mabanda na chakula kiwe kwenye mapipa yenye mfuniko, panya wakikosa chakula na nyoka wanakosa sababu ya kuja. Mbwa akiumwa na nyoka abebwe, asitembezwe, hakuna kuchanja wala kunyonya wala kufunga kamba, ni gari tu.

Panya haohao ndo wanatuleta kwenye chanjo, na hapa wiki sita zako ni za thamani kwa hiyo usizichezee. Kichaa cha mbwa, kama dume ndo anachanjwa mara ya kwanza, kinga huhesabika imekaa sawa baada ya wiki tatu mpaka nne, kwa hiyo wiki hii ndo ya kwenda. Chanjo ya homa ya mgunda, leptospirosisi, ambayo inatokana na mkojo wa panya na wanyama wengine kwenye maji na matope, mara ya kwanza ni sindano mbili zilizopishana wiki mbili mpaka nne halafu kila mwaka, na mbwa wa shamba kwangu mi hii ni ya lazima kwa sababu inampata na binadamu. Distempa na pavo, magonjwa ya virusi ya mbwa, utakuwa ulishamchanja, angalia tarehe. Kikohozi cha bandani kina chanjo ya kudondosha puani ambayo inaanza kukinga ndani ya siku chache, basi wiki moja mbili kabla inatosha, ile ya sindano huwa inataka dozi mbili kwa hiyo uliza kliniki yako ina ipi.

Na wewe uombe kuona kadi za chanjo za mbwa wengine pale. Sio ukorofi. Mama asipoomba kadi ya mbwa wako, ujue hajaomba ya yeyote. Pavo hasa, kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata kupita mwaka, na uwanja wa udongo huwezi kuusafisha kwa dawa, klorini inaua kirusi kwenye simenti iliyooshwa uchafu kwanza, kwenye udongo inapotea bure. Mbwa mkubwa aliyechanjwa hana hofu sana na hilo, ila anayesoma hapa akiwa na mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, asimpeleke kwenye uwanja wa aina hiyo kabisa.

Sasa lile swali la kupima mtu, uliza mkiwa mnaagana, kama vile umekumbuka tu: "Mama, mbwa akianza kutapika saa nane usiku, unafanyaje?" Sikiliza mpangilio wa jibu. Jibu zuri lina vitu: namba ya daktari iko ukutani pale, gari ni hili na lina mafuta, likigoma kuna la jirani, mtandao hapa unashika ukisimama karibu na geti. Jibu baya lina moyo tu, "hao ni kama wanangu." Moyo nauamini, lakini nataka na funguo za gari. Kama hana usafiri wa uhakika usiku, usimkatae moja kwa moja, tafuteni wote wawili nani ataitwa na mwahidi nauli mapema.

Halafu mwandikie barua fupi usaini: kwamba ana ruhusa ya kumpeleka mbwa kwa daktari na matibabu yaanze bila kukusubiri, mpaka kiasi fulani cha pesa utakachokitaja wewe, na nani mwenye kauli ya mwisho usipopatikana. Nakala moja iende kliniki. Hii karatasi ndo inayoondoa ule muda wa "tusubiri kupambazuke tumpigie mwenye mbwa," maana walezi wengi wanachelewa kwa kuogopa bili kuliko kwa uzembe. Hana karatasi umesema, basi nyie ndo mtaiandika, ukurasa mmoja unatosha.

Usiku wa majaribio fanya mapema, tuseme wiki ya nne, chanjo zikiwa zimekaa. Peleka chakula chake cha nyumbani cha kutosha muda wote, kama lazima abadilishe basi achanganyiwe taratibu kwa wiki nzima, tumbo la mbwa halipendi kushtukizwa. Nguo yako uliyoivaa bila kufua iwe kwenye kitanda chake. Ukimwacha, mwache, hizi habari za kumkumbatia getini robo saa zinampa wasiwasi tu. Siku ya kwanza au ya pili kutokula vizuri ni kawaida, siku ya tatu hapana. Na mwombe mama akutumie picha ya kinyesi mara moja kwa siku, nacheka nikiandika lakini niko serious, picha ya mbwa anatabasamu haina habari yoyote ndani yake.

Baada ya majaribio mwangalie mbwa akiwa anarudishwa pale mara ya pili. Akisita kidogo si neno. Akijilaza chini na kugoma kushuka kwenye gari, au ukikuta kucha zimevunjika na pua imechubuka kwa kusukuma wavu, basi hapamfai hata kama mama ni mtu mzuri, na yeye abaki nyumbani na jike, yule mtu wa kulala atakuwa na mbwa wawili na utamwongeza malipo. Ndo maana nimekwambia majaribio yawe mapema, upate muda wa kupanga upya.

Ukirudi safari, mpitishe vidole mwili mzima siku hiyohiyo, ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kupe wanapenda humo. Akilala sana siku mbili za kwanza muache, mbwa wa bodingi huwa hawalali vizuri. Kama ndani ya wiki mbili zinazofuata ataanza kukohoa kikavu kama kuna mfupa umekwama kooni na mwisho anatema povu, mtenge na jike kwanza, huyo mzee asipate, halafu piga simu kliniki kabla ya kwenda ili usimkalishe kwenye foleni ya wagonjwa wengine, na mpigie na mama, maana ana mbwa wengine mule ndani na wenyewe hawajui.